Tusiihukumu Giaboksi Kabla ya Kusikiliza Mashahidi Wake

Kuna hukumu moja inayotolewa kwa haraka mno juu ya magari ya familia zetu, nayo ni kwamba giaboksi imekufa. Gari la otomatiki lililoingia nchini likiwa limekwisha kutumika miaka mingi Japani huanza kuing'ang'ania gia ya kwanza hadi injini inalia, ya pili na ya tatu zinaingia kwa kuchelewa, ya nne haiji kabisa. Siku hiyo hiyo mwenye gari anaambiwa atafute giaboksi nyingine, au aliuze gari kabla watu hawajajua. Kwa familia ya Kyela hilo si jambo dogo. Gari hilo ndilo linalobeba mchele na kakao, ndilo linalowarudisha watoto kutoka madrasa mvua inapoanguka, na ndilo linaloamshwa usiku wa manane mgonjwa anapotakiwa kupandishwa Mbeya.

Tumeamua kuliandikia jambo hili katika kurasa za familia kwa sababu fedha inayopotea kwa hukumu ya haraka ni fedha ya ada, ya chakula na pengine ya zaka. Na mara nyingi giaboksi inayohukumiwa haina kosa lolote.

Tuanze na namna inavyofanya kazi, kwani bila hilo mengine yote yatakuwa ni kubahatisha. Giaboksi ya otomatiki hukaa mfano wa kadhi barazani. Haibadili gia kwa kupenda kwake, bali husikiliza mashahidi wawili. Shahidi wa kwanza hueleza gari linakwenda kwa mwendo gani. Katika magari ya zamani zaidi shahidi huyu ni gavana, chombo kinachozungushwa na giaboksi yenyewe na kuongeza nguvu ya mafuta kadiri mwendo unavyoongezeka. Katika magari ya miaka ya 1990 na kuendelea kazi hiyo hufanywa zaidi na sensa ya mwendo inayopeleka habari kwenye kontroli boksi. Shahidi wa pili hueleza mzigo, yaani dereva amekanyaga mafuta kiasi gani. Huyu anaweza kuwa kebo, sensa iliyo kwenye mlango wa hewa wa injini, au vyote viwili pamoja. Mwendo ukiwa mkubwa na mguu ukiwa mwepesi, kadhi hupandisha gia mapema. Mwendo ukiwa mdogo na mguu ukiwa mzito, huchelewesha, kwa kuwa injini inahitaji nguvu.

Basi gari linapochelewa kupandisha gia, swali la kwanza ni hili: je, kadhi ameharibika, au kuna shahidi anayemwambia kwamba mzigo ni mzito wakati si mzito, au kwamba mwendo ni mdogo wakati si mdogo? Mfumo huu wa kuamua bila mkono wa dereva si wa jana. General Motors ya Marekani iliuza giaboksi yake ya Hydra-Matic katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, na tangu hapo kanuni ya mwendo na mzigo haijabadilika katika giaboksi za namna hii, ijapokuwa umeme umechukua nafasi ya sehemu nyingi. Magari mapya yenye giaboksi ya mkanda, ambayo hayana ngazi za gia hata kidogo, yana mambo yake na mafuta yake. Hayamo katika maneno yetu ya leo.

Sasa tutazame mahali tulipo, maana Kyela ina hila yake kwa anayetafuta ugonjwa wa gari. Mji na vijiji vyake vimelala katika uwanda wa Ziwa Nyasa, ambalo liko takribani mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Tukuyu iko takribani mita 1,500. Barabara inaendelea kupanda kupita Kiwira, na kule Isongole inavuka mita 2,000 kabla ya kuteremka Uyole. Mtu anayetoka Kyela na abiria saba na magunia ya mchele nyuma akaanza kupanda kuelekea Tukuyu, halafu akalalamika kwamba gari linakaa gia ya pili muda mrefu, anailalamikia giaboksi kwa kutenda haki. Mlimani, na mzigo ukiwepo, kuchelewa ndiko kunakotakiwa. Giaboksi ingepandisha gia mapema pale, injini ingekabwa, gia ingerudi chini, ingepanda tena, na kurukaruka huko ndiko kunakochemsha mafuta na kuunguza klachi.

Kipimo cha haki kifanyike tambarare. Barabara ya lami inayotoka Kikusya kupitia Ipinda kwenda Matema inafaa, ilimradi dereva achague saa ambayo baiskeli, watoto wa shule na mpunga ulioanikwa kando ya njia si wengi. Gari liwe halina mzigo, injini iwe imepata moto, na mguu uwe mwepesi. Kwa magari mengi ya gia nne, gia ya pili huingia kati ya kilomita 15 na 25 kwa saa, ya tatu kati ya 30 na 45, na ya nne kati ya 55 na 70. Hizi ni takriban tu, kila gari lina kawaida yake. Kama kuna mshale wa mizunguko ya injini, kwa mguu mwepesi gia hubadilika mizunguko ikiwa karibu 2,000 hadi 2,500 kwa dakika. Ikiwa gari lasubiri hadi 3,500 au 4,000 na hali mguu haujaongezwa, hapo pana la kuchunguza. Gari lisilo na mshale huo lipimwe kwa sikio, na sikio la mtu anayeliendesha kila siku halikosei sana.

Hapa pana jambo ambalo mafundi wengi wanalijua lakini wenye magari hulieleza vibaya, na maelezo mabaya huzaa matengenezo mabaya. Kuna maradhi matatu ambayo watu huyaita kwa jina moja. La kwanza ni kuchelewa kwa kweli: sauti ya injini inapanda na mwendo unapanda pamoja nayo, ila gia inayofuata haiji. La pili ni kuteleza: injini inapiga kelele, mizunguko inapanda, lakini mwendo hauongezeki. La tatu ni kuchelewa kushika: unaingiza D au rivasi, unangoja sekunde mbili au tatu, kisha gari linastuka na kuondoka. La pili na la tatu mara nyingi hutokana na upungufu wa mafuta ya giaboksi, udhaifu wa nguvu yake au klachi zilizokwisha, na hayo ni mazito. La kwanza, ambalo ndilo letu leo, mara nyingi ni ushahidi wa uongo tu.

Mama anayeendesha gari kila siku ndiye mtu bora wa kuyatenganisha maradhi haya matatu. Tunashauri awe na kijidaftari ndani ya gari na aandike kwa juma moja: hali ilitokea injini ikiwa baridi au moto, gari likiwa na mwendo gani, taa gani iliwaka, na kama mvua ilikuwa imenyesha. Fundi anayekabidhiwa maandishi hayo hana sababu ya kuanza kwa kubahatisha. Na dada zetu wasione haya kuyasoma mbele ya fundi.

Uchunguzi wenyewe uanze kwa vitu visivyo na gharama. Magari mengi ya Kijapani yana kitufe kilichoandikwa PWR, na kikibonyezwa huiamuru giaboksi ichelewe kwa makusudi ili gari liwe na nguvu. Mtoto hukibonyeza akichezea kiti cha mbele, na baba huzunguka gereji tatu. Vivyo hivyo taa ya O/D OFF ikiwa imewaka na kutulia, maana yake gia ya nne imefungwa kwa kitufe kilicho kwenye rungu la gia. Ikiwa inawakawaka yenyewe, hilo ni jambo jingine, tutalifikia.

Kisha yapimwe mafuta ya giaboksi, na yapimwe inavyopasa. Gari liwe limetembea kiasi cha kupata moto, lisimame mahali pasawa, injini iwe inaunguruma, mguu uwe kwenye breki, rungu lipitishwe taratibu katika nafasi zote kisha lirudi P. Ndipo kijiti kichomolewe, kipanguswe, kirudishwe na kuchomolewa tena, na kisomwe kwenye alama ya moto. Katika magari mengi, anayepima injini ikiwa imezimwa atapata jibu la uongo. Mafuta yakipungua, pampu huvuta hewa. Yakizidi, yanapigwa hadi kuwa povu, na povu halina nguvu ya kusukuma chochote. Rangi iwe nyekundu au ya kahawia nyepesi. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, hapo klachi zimekwisha kuumia. Aina ya mafuta ifuatwe kama kitabu cha gari kinavyotaja, au kama ilivyochongwa kwenye kijiti chenyewe, wala si kwa chupa iliyopo dukani siku hiyo.

Kwa watu wa Kyela tunaongeza neno moja. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inapofurika wakati wa masika, magari hupita katika maji yanayofika tumboni. Giaboksi ina kibomba cha kupumulia, na maji yanaweza kuingia kupitia hapo. Baada ya safari ya namna hiyo, kijiti kikitoka na mafuta yaliyofanana na chai ya maziwa, gari lisiondoke tena mpaka yabadilishwe. Dalili hiyo hiyo hutokea maji ya rejeta yanapovujia ndani, kwa kuwa mafuta ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta hiyo hiyo. Maji hulegeza gundi ya klachi, na hapo giaboksi iliyokuwa salama hufa kweli.

Sasa tufike kwenye sababu tunayoiona kuwa inasahauliwa kuliko zote. Gari linapochemka mlimani, dawa inayopendwa katika gereji nyingi za Afrika Mashariki ni kung'oa themostati, kile kivali kidogo kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate moto. Themostati ikitolewa, maji huzunguka tangu injini inapowashwa, mshale wa joto unabaki chini, na mwenye gari anashukuru. Asichoambiwa ni kwamba katika magari mengi yenye kontroli boksi, gia ya nne huzuiwa mpaka maji ya injini yafikie joto la takribani nyuzi 50 hadi 60, na katika hali ya kawaida themostati hufunguka karibu nyuzi 82. Injini isiyofikia joto hilo huihubiria giaboksi kwamba bado ni alfajiri, na giaboksi hungoja.

Dalili ya jambo hili huwachanganya watu. Mchana, katika joto la mjini Kyela na mwendo wa taratibu, gari linabadili gia vizuri. Alfajiri, likishika kasi kwenye ubaridi wa Isongole au Uyole, linakataa gia ya nne hata mahali pasawa. Fundi wa Kyela akilijaribu haoni kitu. Fundi wa Mbeya akilijaribu anasema giaboksi imekufa. Wote wawili wanasema kweli juu ya walichokiona. Namna ya kuhakikisha ni nyepesi: injini ikiwa baridi kabisa, iwashwe na mtu aushike mpira wa juu wa rejeta. Themostati ikiwepo na ikiwa nzima, mpira hukaa baridi dakika kadhaa kisha hupata moto kwa mara moja. Ikiwa haipo, au imekwama wazi, mpira hupata uvuguvugu kidogo kidogo tangu mwanzo. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa moto, kwa hali yoyote. Themostati mpya ni kitu kidogo sana kikilinganishwa na giaboksi. Lakini irudishwe pamoja na kutibu kilichokuwa kikichemsha gari tangu hapo, ambacho huwa ni rejeta iliyoziba, feni dhaifu au kifuniko kisichokaza. Injini inayokwenda baridi siku zote pia hula petroli zaidi na huchakaa mapema, kwa hiyo aliyeing'oa ameipa familia hasara tatu kwa mkupuo mmoja.

Shahidi anayefuata ni kebo. Corolla na Mark II nyingi za miaka ya 1990, pamoja na magari mengine ya rika lao, zina kebo nyembamba inayotoka kwenye mlango wa hewa wa injini na kuingia ubavuni mwa giaboksi. Kazi yake ni kupeleka habari za mguu wa dereva. Ikivutwa kupita kiasi, au ikikwama kwa kutu na vumbi isirudi, giaboksi huamini kwamba dereva amekanyaga kwa nguvu wakati wote, nayo huchelewesha gia na kuziingiza kwa kishindo. Hali hii hutokea sana baada ya injini kubadilishwa. Kipimo chake katika Toyota nyingi ni hiki: injini ikiwa imezimwa, mtu mmoja akanyage pedeli ya mafuta hadi mwisho, mwingine atazame kwenye kebo. Kati ya ncha ya mpira wake na kile kituo kidogo kilichobanwa kwenye waya, nafasi iwe milimita 0 hadi 1. Kituo kikiwa kimetokeza mbali zaidi ya hapo, kebo imekazwa mno.

Tahadhari kubwa iko hapa. Wapo wanaogundua kwamba kebo ikilegezwa, gia huingia mapema na kwa ulaini, na gari linakuwa kama jipya. Lakini katika giaboksi hizi kebo hiyo hiyo ndiyo inayoamua nguvu ya mafuta inayozikaza klachi. Ikilegezwa kupita kipimo, klachi hazishikwi sawasawa, zinateleza kidogo kidogo bila dereva kuhisi, na mlima wa Tukuyu unazimaliza kabla miezi haijawa mingi.

Na hapa gereji inakutana na dini. Kulegeza kebo ili gari lionekane laini siku ya mnunuzi kulijaribu ni ghushi, hata kama muuzaji hakusema neno moja la uongo. Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kisa cha Mtume (s.a.w.) kupita penye fungu la nafaka sokoni, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye nafaka akajitetea kwamba imenyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakuuweka ule unyevu juu watu wauone, kisha akajitenga na mwenye kughushi. Wafanyabiashara wa mchele wa Kyela wanakielewa kisa hiki kuliko wengi wetu, maana gunia lenye unyevu katikati wanalijua. Gari lenye kebo iliyolegezwa ni gunia la namna hiyo. Mafakihi wamempa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu akigundua aibu iliyokuwepo kabla ya kununua, na yale maneno ya mitaani, kwamba nimeuza kama lilivyo, hayamwondolei muuzaji wajibu wa kuieleza aibu anayoijua. Kusema gari linachelewa gia ya nne, na hatujapata sababu, hushusha bei. Lakini bei hiyo iliyoshuka ndiyo halali yake.

Ikiwa kebo ni nzima, utazamwe umeme. Mshale wa spidi usiofanya kazi, ambao wengi huuacha hivyo hivyo kwa miaka, unaweza kuwa ni shahidi wa mwendo aliyenyamaza. Soketi za waya zilizo juu ya giaboksi huingiwa na unyevu wa ziwa na matope, na kuzifungua, kuzisafisha na kuzikausha pengine kwatosha. Ile taa ya O/D inayowakawaka ni kontroli boksi ikiita. Katika Toyota za rika hili fundi umeme huunganisha TE1 na E1 kwenye boksi la uchunguzi, swichi ikiwa imefunguliwa bila kuwasha injini na kitufe cha O/D kikiwa hakijazimwa, kisha huhesabu mimuliko ya taa: 42 na 61 ni sensa za mwendo, 62 na 63 ni solenoidi zinazobadili gia, 64 ni solenoidi ya kufunga mzunguko wa mafuta kwenye mwendo mkubwa. Kazi hii aachiwe anayezijua waya hizo, kwa kuwa kuunganisha tundu lisilo lake kunaweza kuunguza kitu cha gharama.

Usisahauliwe udhaifu wa injini yenyewe. Plagi zilizochoka, chujio la hewa lililojaa vumbi au ekzosi iliyoziba humfanya dereva akanyage zaidi ili apate mwendo ule ule, na giaboksi ikachelewa kwa haki kabisa.

Yote haya yakishapita na gari bado likachelewa, ndipo sampo ifunguliwe mbele ya mwenyewe. Tope laini la kijivu juu ya sumaku ni uchakavu wa kawaida wa miaka. Vipande vya chuma vinavyong'aa, au magamba meusi ya klachi, ni ushahidi usiopingika, na hapo hatumlaumu fundi akisema giaboksi imekwisha. Kabla kazi haijaanza, iandikwe karatasi: aina ya giaboksi itakayoletwa, ni ya gari la injini gani, nani analipa ikikataa, na muda wa dhamana. Sehemu ya malipo ibaki hadi majaribio yaishe, kwa makubaliano ya pande zote mbili. Na ile giaboksi ya zamani isiachwe gereji wala isiuzwe chuma chakavu, bali ibaki nyumbani kwa mwenye gari mpaka hii mpya iwe imepanda Tukuyu na mzigo wake na kurudi.